Kipimo cha Fundi

4 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Hilo doa la wino hapo juu si langu, ni la mjukuu wako. Sasa hivi tu, nimegeuka kidogo kufunga dirisha, Chiriku kanipokonya kalamu, kaitia mdomoni kama kijiko, halafu kanitazama na vimeno vyake vinne vya bluu kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. Nimemfuta, nimemkalisha miguuni pangu na kifuniko cha sufuria. Anakipiga. Ukiona mwandiko unarukaruka, jua ni ngoma yake.

Baba, nina habari. Ondoa kwanza mguu kwenye cherehani, ukae vizuri.

Jana Daktari wa Visahani, yule mama mwenye miwani wa hapa maabara, aliniita kwenye hadubini. "Mama Chiriku, njoo uone kitu." Nikainama. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikaona kama utando wa maziwa yaliyopoa, na ule utando, baba, ulikuwa unadunda. Peke yake! Hakuna mtu, hakuna kifua, ni kisahani tu cha plastiki, na ndani yake du, du, du.

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni seli za moyo, wamezitengeneza kutoka kwenye damu za wagonjwa. Wanaichukua seli ya damu, wanairudisha nyuma mpaka isahau kwamba ilikuwa damu. Hapo inaitwa seli shina. Nilivyoelewa mimi, ni kama jora la kitambaa ambalo halijakatwa: bado linaweza kuwa shati, linaweza kuwa gauni. Halafu wanaifundisha kuwa moyo. Anasema hizo seli wanazishikanisha zinakuwa kiraka, cha kubandika pale moyo ulipoumia ukafa kipande.

Ametamka hivyo hivyo, baba. Kiraka.

Nikakumbuka ulipokuja kliniki ya huku mwezi ule, baada ya ule ugonjwa wa ghafla wa moyo. Walikuita chumba cha mwisho, wakasema wanachukua kipimo kwa ajili ya utafiti wa moyo, ukatia sahihi. Na kile kisahani kimetokana na damu za mwezi uleule. Ni chako, baba. Nimeuona moyo wako mpya kwa jicho langu na hauna tatizo lolote.

Usimwambie mtu kwanza.

Mwanao,
Mama Chiriku


15 Machi

Mwanangu, marahaba.

Umesema nisimwambie mtu. Nimemwambia Fundi Viatu peke yake. Fundi Viatu ndiye aliyewaambia wengine, na hilo si kosa langu, ni la mdomo wake. Sasa kila akipita hapa anainama anasikiliza kifua changu. "Fundi, moyo wako utakuwa na viraka kama suruali yangu!" Nimemjibu, "Bora moyo wa viraka kuliko viatu unavyoshona wewe, vinavyocheka mbele."

Shangazi yako ananigombeza, eti kwa nini sikupigii simu. Nimpigie nani mimi na masikio haya? Miaka arobaini ya cherehani imeyamaliza. Barua haikatiki na hainiambii "baba sikusikii".

Ile habari haikunishangaza. Nilijua. Siku ile yule kijana wa koti jeupe alipofunga kile kichupa akasema, "Tayari mzee, tumeshachukua kipimo chako," nilijua. Fundi hachukui kipimo cha mtu kwa mchezo. Nikishamzungushia mtu tepu kifuani, nguo ile ni yake, hata akae mwaka hajaja kuichukua, itamngoja ukutani.

Waambie wenzako mambo mawili. La kwanza, kitambaa kipya kikishonewa kwenye nguo kuukuu lazima kiloweshwe kwanza. Wasipokilowesha, siku ya kwanza kufuliwa kitanywea na kuichana nguo yote, kiraka kiwe balaa kuliko tundu. La pili, waache pindo. Mtu hunenepa.

Juzi alikuja yule mwalimu wako aliyesema umeshapotea. Kaleta suruali ipunguzwe. Nikamwambia binti yangu yuko maabara, anashughulika na mioyo ya watu. Nilimpunguzia suruali na kiburi kwa pamoja.

Sasa nijibu jambo moja tu. Kitakuwa tayari lini?

Baba yako,
Fundi


29 Machi

Baba, shikamoo.

Nisamehe nimechelewa kujibu, Chiriku alikuwa na mafua, na kazini tumebanwa.

Umeuliza lini. Karibu, baba. Mambo haya hayaendi mbio, ila ni karibu. Usiniulize sana kwenye barua, wakubwa hawapendi habari za maabara zitoke.

Endelea na dawa zako. Usiache hata siku moja. Tafadhali.

Chiriku amejifunza kusema "babu". Anaiambia picha yako, na anaiambia pia ndoo.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Umesema karibu, inatosha. Mteja anayeuliza kila siku humfanya fundi akosee.

Wiki hii hospitali ya huku waliniita, wanataka nao wanifanyie mambo yao. Nimewashukuru, nimewaambia nimeshapimwa kwingine. Suti moja haishonwi na mafundi wawili.

Mwambie Chiriku babu yake hajawa ndoo bado.

Fundi


18 Aprili

Mama Chiriku,

Salamu zangu utazisoma mwishoni, kwanza nina hasira.

Kaka yangu amekataa operesheni. Najua hajakuambia, maana hata mimi nimeipata kwa nesi, si kwake. Hospitali ya huku walimpatia nafasi, tarehe 20 Mei, huko huko hospitali kubwa unakofanya kazi. Wanautoa mshipa mguuni, wanaushonea kwenye moyo ili damu ipate njia mpya, kwa kuwa ile ya zamani imeziba. Watu wanaingoja nafasi hiyo mpaka wanakata tamaa. Yeye alipewa, akairudisha kama mtu anayerudisha sahani ya jirani!

Nilikwenda mwenyewe kwa daktari. Ameniambia bila kuzunguka kwamba moyo ule hauna tena pa kuvumilia, na bila operesheni mwaka huu hautaisha naye. Nikarudi nikamwambia. Unajua alivyonijibu? "Dada, kiraka changu kiko kwa binti yangu, kinakaribia." Anapanda ngazi tatu za duka, anasimama ya pili anajifanya anatazama mawingu. Mimi si mtoto. Anatafuta pumzi.

Wewe ndiye uliyeko huko ndani. Sitaki kujua maabara inasema nini, nataka kujua wewe unasema nini. Kiraka kipo au hakipo?

Haya, salamu. Mbusu mtoto.

Shangazi yako


26 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua hii isome ukiwa peke yako. Fundi Viatu asiwepo.

Kiraka hakipo.

Nimelitazama neno hilo muda mrefu. Chiriku yuko kwa jirani, nyumba ni kimya, na hakuna wa kumsingizia mwandiko. Hakipo, baba, na hakijawahi kuwepo.

Nilipopata barua yako ile ya kuuliza lini, nilimwendea Daktari. Nikajifanya nauliza kama mtu anayeuliza saa: "Daktari, kile kiraka cha baba yangu kitabandikwa lini?" Alivua miwani. Aliponiambia nikae, nilijua. Akasema pale hakuna kiraka cha mtu yeyote. Zile damu ni za kujifunzia. Wanazitengeneza seli za moyo, wanazinyima hewa zipate kuumia kama moyo unavyoumia, halafu wanajaribu dawa ipi ingezikinga zisife. Viraka wanavyovibandika ni vya panya. Panya, baba! Na vingine vikishabandikwa vinadunda kwa mapigo yao wenyewe, havifuati moyo vilipo, mpaka moyo unachanganyikiwa. Bado wanatafuta namna. Kwa mtu kama wewe ni miaka, na hawezi kuahidi. Damu uliyotoa hairudi kwako. Hata hajui kama kisahani nilichokiona ni chako au cha mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekipa jina lako.

Kipimo chao si kipimo chako, baba. Wewe ukipima unashona. Wao wakipima wanapima tu.

Ningekuwa sijui, ingekuwa ujinga, na ujinga una msamaha wake. Lakini siku ile nilipokuandikia "karibu", nilikuwa nimeshajua siku sita nzima. Nilikaa na kalamu, nikaandika "hakipo", nikaichana karatasi. Nikaandika tena, nikaichana tena. Mara ya tatu mkono ukaandika "karibu", nikaufuata mkono. Nikaenda kuituma mbio, nisije nikabadili mawazo.

Na kuna lingine. Sishughuliki na mioyo. Ninapiga deki. Ninamwaga taka, ninafuta meza, ninaosha vyoo vya ghorofa mbili. Daktari aliniita kwenye hadubini kwa sababu siku ile aliniona nimeegemea ufagio nachungulia, akanionea huruma. Wewe ulisema "wenzako", ukanipa ujumbe niwapelekee wenzangu, wakiloweshe, waache pindo. Baba, sina wenzangu pale isipokuwa ndoo.

Sijitetei. Ila nikuambie ilikotoka. Mwaka ule niliporudi kutoka shule na mimba, hukunipiga, hukunifukuza. Ulinishonea magauni mawili mapana, ukayaacha juu ya kitanda, ukatoka bila neno. Yalinikaa vizuri, tena ulikuwa umeacha nafasi ya mbele nitakapozidi. Na hukuja kunipima. Ulikuwa umenipima kwa macho tu, ukipita. Kila nilipoyavaa niliona ni afadhali ungenipiga. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kitu kimoja tu cha kukuletea, kitu cha kuwajibu watu wakikuuliza binti yako yuko wapi. Nikaona kile kisahani kinadunda, nikakinyakua kama mwizi.

Leo nimemweleza Daktari yote, nimesimama mbele yake na glavu za chooni mkononi. Nilikuwa nimeshafungasha doti yangu ya kanga na kikombe changu, nikijua nimefukuzwa. Hakunifukuza. Alisema, "Sisi ndio tuliomwambia tunachukua kipimo. Hakuna aliyemuuliza mzee anafanya kazi gani." Akavuta karatasi akawaandikia madaktari wa upasuaji, kwamba hukukataa kwa kuelewa, ulielezwa vibaya. Angenifukuza ningepata nafuu.

Nenda kwenye operesheni, baba. Sikuombi kama mwanao, sina uso huo. Shangazi ananiambia mshipa wanautoa mguuni mwako mwenyewe. Basi hicho ni kitambaa chako, kimeshaloweshwa miaka sitini na tatu, hakinywei tena. Na wale wanaoshona wameshona wengi, wagonjwa wao nawaona kila wiki wakitembea koridoni na pajama zao wakilalamikia chakula.

Kile kisahani sikukidanganya. Kilidunda kweli. Mimi bado nakiamini, ila pengine ni cha Chiriku, akiwa bibi wa miaka yako. Kosa langu ni kukupa wewe.

Mwanao, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo


8 Mei

Mama Chiriku,

Sijui uliandika nini, kaka yangu hakunisomea, na miwani yangu ameificha makusudi.

Aliisoma mara mbili. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande huo huo unaomuuma. Siku tatu hakunena. Fundi Viatu alikuja kumtania kuhusu viraka vyake, hakujibiwa, akarudi tena, hakujibiwa. Mwisho akanifuata jikoni ametoa macho: "Bibie, fundi leo nimemtukana mara mbili kanyamaza, ni mzima kweli?"

Siku ya nne alifunika cherehani. Akamwita Fundi Viatu, akamwambia mbele ya wateja wote, "Sikiliza. Nilikosea. Hakuna kiraka. Nilifahamu vibaya mimi." Wakacheka, unawajua. Yule mwalimu wa suruali naye alikuwepo, akacheka kuliko wote. Kaka akasimama pale pale mpaka wakamaliza kucheka. Halafu akaniambia, "Lete ile karatasi ya hospitali."

Ile nafasi ya tarehe 20 ilishapewa mwingine. Lakini barua ya daktari wako ilikuwa imefika, wametupa tarehe 1 Juni. Tutalazwa siku moja kabla.

Nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie tunakuja." Nikamuuliza, na salamu? Akajifanya hasikii. Nawe unayajua masikio yake, husikia yanachokitaka.

Sitakuuliza tena ulifanya nini. Nadhani nimeshajua. Mtu hasemi "nilikosea mimi" kwa sauti kubwa vile ila anamfichia mtu aibu.

Shangazi yako


4 Juni

Baba, shikamoo.

Leo tumetenganishwa na mlango mmoja. Niko kwenye benchi nje ya wodi yako, Chiriku amelala begani, naandikia juu ya goti. Shangazi ametoka sasa hivi anapepesuka kwa usingizi na furaha. Anasema umeamka vizuri, umekunywa maji, na umeshagombana na nesi kuhusu mshono wa mguuni, eti aliyeushona ana mkono wa kushoto na hakupiga pasi. Nimecheka mpaka nikaziba mdomo. Halafu nikalia kidogo, hapa hapa kwenye benchi, mama mmoja akanisogezea kitambaa chake.

Shangazi ameniambia niingie. Nimemwambia namsubiri mtoto aamke. Si kweli. Nimechoka kusema yasiyo kweli kwako, kwa hiyo naandika.

Siku mliyofika, niliwaona. Mlikuwa mnatoka kwenye lifti, wewe na Shangazi na mfuko wa bluu wa nguo. Nilikuwa nimevaa sare, na ndoo mbele yangu. Nilikuwa nimejiambia siku hiyo nitakukimbilia nikupokee mzigo, nipige magoti hata kama watu wanatazama. Nikageukia ukuta, baba. Nikaanza kufuta mahali palipokuwa safi. Ulipita karibu yangu kiasi cha mkono, nikasikia unavyovuta pumzi, nikaendelea kufuta. Uliposhika ukuta kupumzika, ulishika pale pale nilipokuwa nimefuta, pakiwa bado na maji. Ukajifuta mkono kwenye suruali, ukaenda. Nimefanya mambo ya kuona haya katika maisha yangu, lakini yale mengine nilikuwa na sababu zake. Hili sina sababu. Ulikuwa unakwenda kupasuliwa kifua, na mimi nilikupa mgongo nisionekane na ndoo.

Shangazi alinieleza ulivyosimama mbele ya watu ukasema umekosea wewe. Walikucheka kwa ajili yangu. Nikipata likizo nitakuja, nitasimama hapo dukani, niwaambie aliyekosea ni nani. Na yule mwalimu awepo. Usinizuie katika hilo.

Daktari wa Visahani ameniuliza kama ningependa kufundishwa kuosha vile vyombo vyao vya kioo, ambavyo haviguswi na kila mtu. Bado ni kuosha. Nakuambia kama ilivyo, siongezi chumvi: ni kuosha, na nimekubali. Na ile karatasi ya kutia sahihi wanaiandika upya. Ameniomba niwasomee kabla haijachapishwa, niwaonyeshe pale ambapo mtu wa kawaida ataelewa vingine. Nimekwishapiga mstari mwekundu chini ya neno moja.

Sikuombi unisamehe leo, kifua chako bado kibichi, usikichoshe. Nataka tu ujue kwamba mimi ndiye niliyekuwa nje hapa tangu asubuhi ya operesheni, si kwamba sikuja. Kama hutaki kuniona sasa, barua hii nitampa nesi, nitaondoka na mtoto, nitakuja Jumapili. Na ukikataa Jumapili nitakuja tena ile inayofuata, na...

Nesi ametoa kichwa mlangoni anaita benchi zima: "Binti wa fundi, yule aliyekuwa koridoni na ndoo, ni nani? Mzee anamtaka!" Kumbe uliniona, baba. Uliniona na bado umeniita. Naingia.